Nguo Kuukuu na Taraza Yake

Nguo ina umri wake kama mtu alivyo na wake. Huzaliwa katika kitanda cha mfumi, hupata umbo mikononi mwa mshoni, hutamba katika ujana wake, huchakaa katika uzee wake, na mwisho hutupwa au hugeuzwa kitu kingine. Katika hatua zote hizo, ya mwisho ndiyo isiyopewa heshima. Watu hukisifu kitambaa kikiwa kipya dukani, humsifu mshoni aliyekishona, humsifu mvaaji aliyependeza. Lakini tambara halina msifu. Methali yetu imekwisha kutoa hukumu yake: kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami sigombani na methali, kwa kuwa kazi yake ni kusema tabia za watu zilivyo, wala si kusema zinavyopasa kuwa. Katika insha hii nataka kusema habari za kikuukuu: suruali ya jinzi iliyochakaa, ikafumuliwa, ikakatwa, ikashonwa ikawa sketi, na sketi hiyo ikatiwa taraza.

Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa lugha ana kazi gani na suruali kuukuu. Nina sababu mbili za kumjibu. Ya kwanza ni kwamba kazi za mikono ndizo ghala la maneno yetu, na ghala likiachwa bila kufunguliwa huingia wadudu. Naliwauliza wanafunzi wangu darasani maana ya mtande na mshindio, wakatazamana. Naliwauliza maana ya taraza, mmoja akajibu kwamba ni kata katika mji wa Dar es Salaam. Walivaa nguo nzuri wote, lakini hawakujua maneno yaliyowavika. Sababu ya pili inahusu nyumba yetu, nami nitaieleza mahali pake.

Jinzi ni kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa hila iliyo nyepesi kueleza. Nyuzi za mtande, yaani zile ziendazo urefu wa kitambaa, hutiwa rangi ya nili. Nyuzi za mshindio, ziendazo upana, huachwa nyeupe. Kila uzi wa mshindio hupita chini ya nyuzi tatu za mtande, kisha hupanda juu ya mmoja, na safu inayofuata husogea hatua moja kando. Kwa hiyo uso wa kitambaa huwa wa buluu, mgongo wake huwa mweupe, na mistari ya mshazari huonekana kwa mtu anayetazama kwa makini. Tena nili ya jinzi haipenyi hata kiini cha uzi. Hukaa juu yake kama gamba, na moyo wa uzi hubaki mweupe. Ndiyo maana jinzi haichujuki sawasawa mwili mzima. Huchujuka pale inapokunjwa, pale inapokaliwa, na pale inaposuguliwa na kitu. Nguo nyingi humsahau mwenyewe zikifuliwa, bali jinzi humwandika.

Nguo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Mshoni mmoja wa mji wa Reno katika Marekani, Jacob Davis, alitia ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali za wafanya kazi ili zisichanike. Naye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipata hataza ya jambo hilo tarehe 20 Mei 1873. Waliozivaa kwanza walikuwa wachimba migodi, wachunga ng'ombe na wakata kuni. Vijana wa miji ya dunia walizirithi baadaye, na kama warithi wengi walivyo, wengi wao hawajui jasho la aliyewaachia.

Sisi wa pwani hii tulijuana na pamba ya Marekani zamani kabla ya jinzi. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na serikali ya Marekani, kitambaa cheupe cha viwanda vya Massachusetts kilishushwa Zanzibar kwa wingi, kikabeba jina la kwao hata leo: merikani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya nchi ile. Na huku kwetu wanawake waliokuwa watumwa walivaa kaniki, ambayo mara nyingi ilikuwa merikani iliyochovywa katika nili hata ikakaribia weusi. Mtumwa wa upande mmoja wa bahari alichuma pamba, na mtumwa wa upande wa pili akaivaa, wala hawakupata kuonana. Tarehe 6 Aprili 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar, na wanawake waliopata uhuru wakaanza kuiacha kaniki na kujipamba kwa kanga za rangi. Mwaka huohuo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemia, nayo ikalipokonya soko jani la mnili. Basi buluu ile iliyokuwa alama ya unyonge ilitoka mlangoni mwetu, na baada ya miaka mingi ikarudi kwa jina jipya, ikavaliwa kwa fahari. Rangi haina cheo chake yenyewe. Cheo hupewa na watu.

Ilirudi kwa njia mbili. Kwanza ilirudi kama mtindo wa vijana, na mtindo huo haukupokelewa na kila mtu kwa mikono miwili. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikaanza mjini Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1969. Wazee wengi wanakumbuka ugomvi wa siku zile juu ya lipi ni vazi la Kitanzania na lipi si lake. Njia ya pili ilikuwa ya mitumba. Milango ya biashara ilipolegezwa katika miaka ya themanini, marobota ya nguo zilizovaliwa ng'ambo yaliingia, na jinzi zilikuwa ndani yake. Mwaka 1966 mtu maskini alivaa kiraka. Miaka 30 baadaye aliweza kuvaa suruali ya Marekani kwa bei ya mlo. Hii ni neema, lakini ina upande wake wa pili, maana viwanda vyetu vya nguo vilidhoofika, ingawa hapana haki kusema kwamba mitumba peke yake ndiyo iliyovidhoofisha. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Marekani haikupendezwa; nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshikilia azimio lake, ilisimamishiwa mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Nalitaja habari hizi ili msomaji aone kwamba suruali kuukuu juu ya kamba ya kuanikia si kitu kidogo. Imepita katika mikono ya wengi, na imegombewa na wakubwa.

Sasa nije kwenye sababu yangu ya pili. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa malori mjini Tanga. Alifariki miaka miwili iliyopita, akaacha mke, na binti mmoja wa miaka 15, na vitu vichache vya nyumbani. Eda ya wifi yangu ilipokwisha, nguo za marehemu zilizokuwa nzima ziligawiwa: kanzu mbili zilikwenda kwa jirani mzee, mashati kwa vijana wa gereji, koti kwa mtu wa ukoo. Zikabaki suruali mbili za jinzi alizovaa kazini, nazo hazikuwa na wa kupewa. Goti la kulia la suruali moja lilikuwa limetoboka, kwa kuwa goti hilo ndilo alilozoea kulipiga chini ya magari. Juu ya paja palikuwa na madoa ya grisi yasiyosikia sabuni. Kwenye mfuko wa nyuma palikuwa na mstatili mweupe, chapa ya pochi aliyoikalia kwa miaka, wazi kama muhuri wa ofisi. Wifi alizifunga katika shuka, akaziweka juu ya kabati. Zilikaa pale zaidi ya mwaka. Hakuna aliyezitaja, na hakuna aliyezisahau.

Likizo iliyopita nalikwenda kumwamkia mama. Mama alikuwa mshoni wa barazani huko Ngamiani kwa zaidi ya miaka 30, na cherehani yake ndiyo iliyonilipia karo. Sasa ana mtoto wa jicho. Hushona kwa mikono inayokumbuka, wala si kwa macho. Siku ya tatu ya kufika kwangu, binti wa kaka alikuja na bahasha ya shuka kifuani, akamwambia, “Bibi, nataka hizi ziwe sketi.” Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwapo. Akasema kwa ukali ambao hakuuficha: “Nguo ya marehemu haitiwi mkasi. Hutolewa sadaka au huachwa. Mnataka kumkata mtoto wetu mara ya pili?”

Naliona uso wa binti ukifunga kama mlango. Tangu siku ya maziko mtoto yule hakupata kulitamka jina la baba yake mbele yetu, wala hakulia mbele ya mtu. Alikwenda shule, akarudi, akala, akalala. Na watu wakasema amejikaza vizuri. Mimi sikuona kwamba ni vizuri.

Mama alizipapasa suruali zile kwa vidole kabla ya kujibu. Kisha akasema, “Wifi yangu, sadaka ni kitu unachokipenda wewe na kinachomfaa mwenzako. Nimwendee maskini gani na suruali iliyotoboka goti, nimwambie pokea? Kumpa mhitaji tambara ni kumtukana.”

“Basi ziache kama zilivyo,” akasema shangazi.

“Nimeziacha mwaka na nusu. Panya hawakai eda, wifi.”

Shangazi hakucheka. Alijitanda ushungi wake akaondoka, na neno lake likabaki barazani. Ningependa kumtendea haki, kwa kuwa hakusema upuuzi. Kwetu nguo si kifuniko cha ngozi tu. Ni sitara, na sitara ya mtu huhifadhiwa hata baada ya pumzi kutoka. Vazi la mwisho la mtu, sanda, halishonwi mshono wa fundi wala halitiwi taraza. Mtu aliyelelewa katika adabu hiyo akiona mkasi karibu na nguo ya nduguye, moyo wake hushtuka kabla akili haijasema lolote. Lakini ziko haki nyingine pia. Nguo zile zilikuwa mali ya warithi, na warithi walikuwa mjane, binti na mama. Wote watatu walikuwa radhi. Tena kuhifadhi si lazima kuwe kufungia. Kitu kilichofungiwa huhifadhiwa na giza, na giza si mlinzi mwema.

Binti alisema sharti moja tu: “Mfuko huu usiguswe.” Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ule mstatili mweupe.

Basi tukaanza kazi, mama akiwa kichwa nami nikiwa mikono. Suruali zilifuliwa na kupigwa pasi. Kisha nalikaa na wembe nikaufumua mshono wa ndani ya miguu, kutoka upindo wa mguu mmoja, kupita msambani, hata upindo wa mguu wa pili. Mshono huo ndio mgumu kuliko yote katika suruali ya jinzi, kwa maana pande mbili za kitambaa hukunjwa moja ndani ya nyingine na kupigwa mistari miwili ya uzi. Ule wa nje kwa kawaida ni mwepesi zaidi. Mama alinikataza kuvuta. “Kata uzi, usikate kitambaa. Aliyeshona alikuwa na haraka ya kumaliza. Wewe huna haraka ya kufumua.” Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, na vumbi la nyuzi likatugeuza vidole kuwa vya buluu.

Mguu wa suruali ukifunguliwa haulali mara moja. Mshono wa msamba umepinda, mbele na nyuma, na ukilazimishwa chini hutoa uvimbe kama tumbo. Hapana budi ufumuliwe inchi kadhaa juu ya pinde hiyo, upande mmoja ulazwe juu ya mwenzake mpaka kitambaa kitulie, kisha upigwe bandi, na bandi ikionekana kuwa nyofu ndipo upigwe cherehani. Baada ya hapo miguu miwili huacha katikati yake pengo la pembetatu, jembamba juu na pana chini. Pengo hilo ndilo linaloamua sketi iweje: ukilijaza kitambaa chembamba sketi itabana hatua, ukilijaza kipana itachanua. Tulilijaza, mbele na nyuma, kwa miguu ya suruali ya pili, na mama akanisisitiza kwamba mtande wa kipande uende chini kama mtande wa suruali ulivyokwenda, ili vitu vyote viwili vining'inie kwa uzito mmoja. Nyuzi zikienda upande, upindo hushuka pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu, na hapana pasi itakayourudisha.

Kiuno cha mwanamume wa inchi 34 hakimkai msichana wa inchi 28. Mkanda ulifunguliwa katikati ya mgongo, inchi sita zikatolewa, mshono wa nyuma ukaingizwa ndani kwa kupungua kidogo kidogo ili mfuko usisogee mahali pake. Zipu, kifungo, vitanzi vya mshipi na mifuko vilibaki kama vilivyokuwa. Hapo ndipo palipo faida ya kugeuza suruali kuliko kuanza na kitambaa kipya: sehemu zinazomshinda mwanafunzi wa kushona zimekwisha kushonwa na mtu mwingine. Tuliweka sindano nene, namba 16, na uzi wenye nguvu. Na pale tabaka nne zilipokutana, mama alinitaka niache kukanyaga, nizungushe gurudumu kwa mkono, mshono mmoja baada ya mmoja. Hata hivyo sindano mbili zilivunjika.

Likabaki goti. Nalitaka kulificha. Mama akasema kiraka kinachofichwa huonekana kuliko kilichokiri kuwa ni kiraka. Tukaufumua mfuko wa nyuma wa suruali ya pili ili tupate kitambaa, na chini yake tukakuta mraba wa buluu iliyokoza, haijapata jua wala sabuni tangu siku suruali ilipotoka kiwandani. Yaani rangi ya kwanza ya nguo ilikuwa pale muda wote, imefunikwa. Tuliukata mraba ule tukautia nyuma ya tundu, nikaushikiza kwa mishono midogo ya mkono, mistari kwa mistari. Kiraka kikawa cheusi kuliko nguo, kama mboni ya jicho.

Sketi ilikuwa sketi, lakini ilikuwa kavu. Ndipo wifi yangu, aliyekuwa akitutazama siku zote tatu bila kusema, alipoingia ndani akatoka na doti ya kisutu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe aliyopewa siku ya ndoa yake. Ilikuwa imefifia, lakini pindo lake lilikuwa imara. “Chukueni upande mmoja,” akasema. “Mwingine niachieni.” Hapana mtu aliyemwomba.

Hapa niseme neno juu ya taraza. Kwa asili ni ukingo mwembamba wa rangi uliofumwa au kushonwa pembeni mwa nguo, kama katika vilemba na vikoi vizuri. Kutarizi ni kuutia ukingo huo, na nduguye ni kudarizi, ambako ni kuipamba nguo kwa uzi na sindano. Maneno haya yalikuja na biashara ya bahari, yakakaa kwetu hata yakawa wenyeji. Siku hizi fundi mjini atakuuliza kama unataka lesi au utepe, na yote mawili ni maneno mema ya vitu vyake. Lakini hayasemi kile taraza inachosema. Lesi ni kitu kinachobandikwa. Taraza ni mwisho wa nguo uliopewa adabu. Nguo isiyo na ukingo hufumuka. Basi taraza, kabla haijawa pambo, ni ulinzi.

Tulikiloweka kisutu mpaka maji yake yakawa meupe, kwa kuwa wekundu ukichuruzika juu ya jinzi haufuti mtu. Kisha nikakata pindo kwa upana wa inchi tatu, nikakunja nusu inchi kila upande, zikabaki mbili za kuonekana. Mzunguko wa upindo wa sketi ulikuwa inchi 68. Pindo la urefu la kanga moja, baada ya kuondoa ncha zilizochakaa, lilitupa inchi 60 pungufu kidogo. Nikaunga kipande cha upande wa mapana, nikaweka kiungo chini ya mshono wa pembeni. Juu ya taraza mama alidarizi mwenyewe mstari mmoja wa uzi wa manjano, kwa mshono wa mnyororo. Hakuuona mstari; aliufuata kwa ncha ya kidole gumba cha kushoto. Ulipinda mahali pawili, nasi hatukuunyoosha.

Binti alivaa sketi ile Idi Mosi. Shangazi alikuwapo, kama ilivyo desturi, na baraza ilijaa. Binti alipopita na sinia, shangazi alimshika upindo, akaugeuza akatazama upande wa ndani, kama wafanyavyo wanawake wanaojua kushona, ambao huhukumu nguo kwa mgongo wake. Akakaa nao vidoleni kwa muda. Kisha akauliza, “Bandi alipiga nani?” Nikasema nalipiga mimi, mama akisimamia. Akatikisa kichwa. Akakigusa kiraka cha goti akauliza, “Na hiki?” Binti akajibu, “Hapa baba alikuwa akipiga goti, Bibi. Goti la kulia. La kushoto lilikuwa linamuuma.” Akaendelea kueleza habari za goti la kushoto, na pikipiki iliyolivunja kabla yeye hajazaliwa, na namna baba yake alivyokuwa akilisingizia kila mvua ilipokaribia kunyesha. Sisi wengine tulinyamaza. Mama alikuwa amegeuza uso ukutani.

Sikusimulia haya ili nidai kwamba sketi ni dawa ya msiba. Msiba una njia zake, wala sindano haitoshi. Ninachosema ni kwamba kitu kilichokuwa juu ya kabati kilikuwa kimemfunga mdomo mtoto, na kitu hichohicho, kilipopata umbo jingine, kilimpa pa kuanzia.

Wala hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1942, huko Gee's Bend katika jimbo la Alabama, mjane mmoja, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki, akazikata vipande na kuviunga kuwa mfarishi wa kumkumbuka na wa kujifunikia. Wanawake wa kijiji chake, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, waliunga mifarishi kwa matambara kwa sababu ya ufukara na baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilianza kuonyeshwa katika makumbusho makubwa, kwanza Houston na kisha New York, na wajuzi wa sanaa wakasimama mbele yao kwa mshangao. Mfarishi ule haukupata thamani siku ulipotundikwa ukutani. Ulikuwa nayo tangu usiku wa kwanza uliomfunika mjane.

Msomaji asidhani kwamba namshauri kila mtu kugeuza kila kitu. Yako mambo matatu ya kupimwa. La kwanza ni nguvu: nguo iliyooza nyuzi zake haigeuki kuwa kitu, na huruma haitaishikiza. La pili ni haki: wenye kitu wawe radhi, na anayepinga asikizwe, hata kama hatafuatwa. La tatu ni matumizi: kigeuzwacho kiwe na kazi ya kweli katika maisha mapya, kisiwe mchezo wa kuonyesha ustadi. Sketi isiyovalika ni uharibifu wa suruali.

Mizani hiyohiyo naiona katika kazi yangu ya lugha. Wapo wanaotaka maneno ya zamani yafungwe katika shuka na kuwekwa juu ya kabati, yasiguswe na kalamu changa. Wapo wanaotaka yatupwe yote, na lugha inunuliwe mpya kila msimu. Wa kwanza wanasahau panya. Wa pili wanasahau kwamba sehemu ngumu za mshono zimekwisha kushonwa na waliotutangulia. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wafumue kwa wembe na kwa subira, watazame chini ya mfuko, maana rangi ya kwanza mara nyingi imo humo. Kisha wakate panapopasa kukatwa, waunge kwa kufuata mtande, na mwisho waipe kazi yao taraza, isifumuke.